Chuma Kidogo, Shaba Kidogo: Rangi za Kioo na Shanga za Kale za Pemba

Ushanga mwekundu wa kale, wa aina inayofukuliwa katika magofu ya mwambao wa Afrika Mashariki, una upana wa milimita 3 au 4 tu. Ukitazamwa kwa lenzi ya mkono, huonekana mistari myembamba myeusi inayokwenda sambamba na tundu lake. Mistari hiyo ndiyo alama ya fundi. Kioo kilivutwa kikingali laini hadi kikawa mrija mrefu, mrija ukapoa ukakatwa vipande, kisha vipande vikarudishwa motoni hadi ncha zake zikalainika na kuwa za mviringo. Wekundu wake ni wa tofali lililoiva, mzito, usiopitisha mwanga. Ukivunjika, ndani ni mwekundu vile vile. Hakuna rangi iliyopakwa. Kilicho mle ndani ni shaba.

Mhadhara huu unafuata njia ya madini machache sana yaliyomo ndani ya kioo, na kazi mbili yanazozifanya. Kwanza, ndiyo yanayokipa kioo rangi, na mara nyingi kiasi kisichofika hata sehemu 1 katika 100 kinatosha. Pili, ndiyo yanayomwezesha mtafiti wa leo kusema ushanga fulani ulitoka Bara Hindi, na mwengine nchi za Ghuba. Baadhi ya madini hayo fundi aliyatia kwa kusudi. Mengine yaliingia yenyewe pamoja na mchanga, wala fundi hakujua kama yamo.

Kioo cha kawaida hupikwa kwa vitu vitatu: mchanga wa silika, magadi na chokaa. Silika ndiyo mwili wenyewe, kiasi cha asilimia 70. Ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selisiasi, joto ambalo tanuri za kale hazikuweza kulifikia. Magadi huteremsha joto hilo kwa mamia ya nyuzi. Lakini kioo cha silika na magadi matupu huyeyuka majini, ndipo chokaa inapohitajika ili kukitia uimara. Magadi yenyewe si kitu kigeni kwa watu wa Afrika Mashariki: wapishi huyatia kwenye maharage, na huko Ziwa Magadi, Kenya, yamekuwa yakichimbwa kwa ajili ya viwanda tangu ilipoundwa kampuni ya Magadi Soda mwaka 1911. Wanunuzi wakubwa wa magadi duniani ni viwanda vya kioo.

Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo vitatu, kikiwa safi, kinachotia rangi. Taabu ni kwamba mchanga safi ni adimu.

Pemba yenyewe inatoa mfano mzuri. Mikarafuu mingi ya kisiwa hiki imesimama juu ya udongo mwekundu, na wekundu huo ni kutu, yaani oksidi ya chuma. Kaskazini, katika Msitu wa Ngezi, zipo sehemu zenye mchanga mweupe ambao mvua za karne nyingi zimeuosha. Maji yanaposhuka ardhini huchukua chuma na rutuba, yakaacha mchanga wenye silika. Weupe wa fukwe ni jambo jengine kabisa. Mchanga unaong'aa katika fukwe nyingi za Zanzibar ni matumbawe na magamba ya chaza yaliyosagika, yaani chokaa, na mtu akiupeleka tanurini peke yake hatapata kioo hata akipuliza moto mwaka mzima. Mchanga wa kioo haupimwi kwa weupe wake machoni. Hupimwa kwa silika iliyomo na kwa uchache wa chuma. Viwanda vinavyotengeneza chupa nyeupe hutaka mchanga ambao oksidi ya chuma ndani yake haizidi sehemu 3 au 4 katika 10,000.

Anayetaka kuona kazi ya chuma hana haja ya maabara. Achukue kipande cha kioo cha dirisha. Akikitazama kwa mbele, hakina rangi. Akikigeuza na kukitazama kwa ubavuni, ukingo wake ni wa kijani, tena kijani kilichokolea. Kioo ni kile kile. Kilichobadilika ni safari ya mwanga. Kwa mbele mwanga unapita milimita chache tu za kioo, na kwa ubavuni unapita sentimita nyingi, hivyo chuma kidogo kilichomo kinapata nafasi ya kuunyonya.

Lakini kwa nini chuma kinachoufanya udongo kuwa mwekundu kikifanye kioo kuwa cha kijani? Jawabu liko katika elektroni. Mwanga mweupe wa jua ni mkusanyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Atomu ya chuma ndani ya kioo huzungukwa na atomu za oksijeni, na elektroni zake za nje hupokea nguvu za viwango fulani tu. Mwanga wenye kiwango kinachofaa humezwa, na uliobaki ndio unaolifikia jicho. Chuma kilichopoteza elektroni 2 humeza zaidi upande wa wekundu na joto lisiloonekana, kwa hiyo kinachobaki kina ubuluu. Kilichopoteza elektroni 3 humeza upande wa urujuani na buluu, na kinachobaki ni umanjano hafifu. Ndani ya kioo cha kawaida aina zote mbili zipo pamoja. Buluu ikichanganyika na manjano, hutokea kijani cha chupa.

Hapo ndipo moto unapoingia katika hesabu. Tanuri yenye hewa nyingi hukipatia chuma oksijeni, na kioo huelekea umanjano. Tanuri iliyobanwa hewa, yenye moshi na makaa, hukinyima, na kioo huelekea ubuluu. Mchanga ni ule ule na kipimo ni kile kile, lakini mafundi wawili wanaoendesha moto kwa namna tofauti watatoa rangi mbili.

Wapishi wa kioo wa Dola ya Roma waligundua njia ya kuuondoa ukijani huo bila ya kukiondoa chuma. Walitia manganisi. Madini haya huchukua elektroni kutoka kwenye chuma, na kukibadilisha kutoka aina yenye ubuluu kwenda aina yenye umanjano hafifu ambao jicho haliushughulikii. Manganisi ikizidi kipimo, kioo hugeuka zambarau. Hata chupa iliyotoka tanurini ikiwa nyeupe kabisa inaweza kubadilika baadaye: chupa za zamani zenye manganisi, zikikaa juani miaka mingi, hupata zambarau nyepesi kwa sababu miale ya jua huirudisha manganisi katika hali yake yenye rangi. Siku hizi viwanda vingi hutumia seleniamu pamoja na kobalti kidogo sana. Hapo chuma hakiguswi, bali rangi yake hufichwa kwa rangi nyengine, kama kanzu nyeupe iliyoanza kuingia umanjano inavyotiwa nili kidogo kwenye maji ya kusuuzia.

Shaba ina vituko kuliko chuma. Ikiwa tanurini mna hewa ya kutosha, atomu zake hutawanyika ndani ya kioo na kuacha rangi ya samawati, ile ya maji ya kina kifupi juu ya mchanga. Hewa ikibanwa, shaba hiyo hiyo hurudi nyuma, ikajikusanya kuwa chembechembe ndogo mno za shaba yenyewe au za oksidi yake nyekundu. Chembechembe hizo ndizo zinazoufanya ushanga uliotajwa mwanzo kuwa mwekundu na kuzuia mwanga usipite. Mafundi wa Kihindi waliutengeneza wekundu huo kwa karne nyingi, na chuma kilichokuwemo katika mchanga wao, ambacho kingewaharibia kioo cheupe, hapa kiliwasaidia, kwani kilikuwa tayari kutoa elektroni ambazo shaba ilizihitaji. Mistari myeusi inayoonekana kwa lenzi ni sehemu ambazo rangi haikuenea sawasawa kioo kilipovutwa.

Buluu iliyokolea ni kazi ya kobalti, na hakuna madini yanayotia rangi kwa nguvu kama haya. Kobalti humeza mwanga wa manjano na wa machungwa, na sehemu chache katika 10,000 zinatosha kukifanya kioo kiwe buluu kamili. Zamani ilikuwa bidhaa ya thamani iliyosafirishwa mbali kutoka migodi michache. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika ukanda wa shaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kolwezi na kandokando yake, ingawa nyingi huishia kwenye betri za simu na magari.

Manjano na nyeupe za shanga za kale hazitoki kwa atomu zilizotawanyika. Risasi na bati vikichomwa pamoja hufanya unga wa manjano, na unga huo ukitiwa katika kioo hubaki kuwa punje ndogo zinazozuia mwanga. Oksidi ya bati peke yake hufanya weupe. Fundi akitaka kijani kizito alichanganya manjano ya risasi na bati pamoja na samawati ya shaba. Dhahabu nayo ikiwa chembechembe ndogo mno hukifanya kioo kiwe chekundu cha kuangaza, tofauti na wekundu mzito wa shaba. Kikombe cha Lycurgus kilichoko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, kilichotengenezwa na Warumi katika karne ya 4, kina chembe za dhahabu na fedha. Mwanga ukikipiga kwa mbele ni kijani, na ukipita kwa ndani ni chekundu. Mkemia Richard Zsigmondy alichunguza kioo chekundu cha dhahabu, na utafiti wake kuhusu chembe kama hizo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925.

Bidhaa hizi zilifikaje Pemba? Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1, kinachojulikana kama Periplus, kinataja vito vya kioo vya aina mbalimbali miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta, bandari iliyokuwa katika mwambao huu. Kinakitaja pia kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine wanadhani ni Pemba na wengine Unguja. Miaka mingi baadaye, mwaka 916 hivi, msafiri al-Masudi wa Baghdad alisafiri kutoka Qanbalu kwenda Oman, na wapo wanaoiweka Qanbalu hiyo Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake.

Chini ya ardhi ushahidi ni wa kushikika zaidi. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe, kaskazini mashariki ya kisiwa, mji uliokaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka iliyo jirani yake, iliyostawi kuanzia karne ya 11 hadi ya 15. Tumbe kulipatikana vigae vya vyungu kwa maelfu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Vigae hivyo vilikuwa vifaa vya kazi: mtu alisugua kipande cha gamba la chaza au konokono ndani ya mfereji hadi kikawa ushanga wa mviringo. Kwa hiyo watu wa Tumbe hawakukaa tu kusubiri shanga za jahazi. Majumbani mwao walitengeneza zao za magamba, nyeupe, na shanga za kioo kutoka ng'ambo ziliwaletea kile ambacho gamba halina, yaani wekundu, manjano, kijani na buluu.

Kumjua fundi wa ushanga wa kioo kwa kutazama rangi yake ni kazi ngumu, kwa kuwa kobalti na shaba zilitumika kila mahali. Hapo ndipo madini yaliyoingia yenyewe yanapopata maana. Mtafiti huuweka ushanga ndani ya kisanduku cha mashine, na mwale wa leza hung'oa chembe kutoka kwenye kitundu kisichoonekana kwa macho. Chembe hizo hupelekwa kwenye kifaa kinachozipima atomu kwa uzito, na baada ya dakika chache hupatikana vipimo vya elementi zaidi ya 50.

Kwanza huangaliwa magadi. Kioo kilichopikwa kwa majivu ya mimea ya jangwani, kama walivyofanya mafundi wa Iraq na Iran, kina magnesi nyingi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 1.5. Kioo cha magadi ya madini kutoka Wadi Natrun, Misri, kina magnesi kidogo. Kioo cha Bara Hindi kina alumina nyingi, asilimia 5 na zaidi, kwa sababu mchanga wake ulitokana na mawe ya matale. Hata ndani ya kundi hilo la Kihindi kuna tofauti. Shanga zinazohusishwa na kusini ya India na Sri Lanka zina bari nyingi na urani kidogo, na zile za pwani ya magharibi ya India, zikiwemo za Chaul, zina urani nyingi zaidi. Laure Dussubieux wa Field Museum ya Chicago ni mmoja wa waliozipambanua familia hizi. Katika karne ya 19 mafundi wa Bohemia walikuwa wakitia urani katika kioo kwa kusudi la kupata manjano yenye ukijani. Mafundi wa Chaul waliipata bila ya kuitaka, ikiwa ndogo mno kubadili rangi, na mashine ndiyo iliyokuja kuiona.

Kwa njia hiyo timu iliyoongozwa na mtafiti Marilee Wood ilizipima shanga za Unguja Ukuu na Fukuchani, miji miwili ya kisiwa cha Unguja iliyokaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, wakati mmoja na Tumbe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaonyesha kwamba shanga hizo zilitoka nchi nyingi: Thailand, Sri Lanka, Bara Hindi na Mashariki ya Kati. Fukuchani iko kaskazini magharibi ya Unguja. Kabla ya kazi ya aina hii, ushanga mwekundu na mwengine mwekundu viliwekwa katika mfuko mmoja vikahesabiwa kuwa bidhaa moja.

Karne nyingi baadaye, rangi ya kioo ilikuwa bado inaendesha biashara ya Zanzibar. Msafiri Henry Morton Stanley, alipokuwa akinunua mizigo ya msafara wake mwaka 1871, aliambiwa kwamba kila nchi ya bara ina rangi yake. Unyamwezi walitaka nyekundu, zilizoitwa sami-sami. Ugogo walipokea nyeusi, ambazo kwengine zilikataliwa kabisa. Ujiji walipenda zile kubwa zilizoitwa sungomaji. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibeba gunia zima miezi mitatu hadi bara, kisha akakosa wa kumbadilishia hata kuku. Shanga nyingi za wakati huo zilitoka Venice, na gharama ya madini yanayotoa rangi iliingia moja kwa moja katika bei aliyolipa mpagazi au sultani wa bara.

Katika Pemba ya leo, madini yale yale yana kazi nyengine. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, hukamua mafuta ya karafuu, na mafuta hayo yakikaa kwenye mwanga na hewa hugeuka rangi na kupoteza ubora. Ndiyo maana mafuta ya namna hiyo, pamoja na dawa nyingi za maji za hospitali, huwekwa katika chupa za kahawia. Kahawia hiyo ni chuma tena, safari hii kimeshikana na salfa katika tanuri iliyotiwa kaboni kwa kusudi. Muungano huo humeza karibu mwanga wote wa urujuani na wa buluu, ambao ndio wenye nguvu ya kuharibu. Chupa ya kijani iliyokolea, ambayo rangi yake hutoka kwa kromu, hukinga kidogo zaidi kuliko nyeupe lakini haifikii ya kahawia.

Tabia moja ya madini haya inawahusu wanaokusanya chupa chakavu visiwani. Kioo kinaweza kuyeyushwa na kupikwa upya mara nyingi, na kufanya hivyo kunapunguza kuni au gesi inayotumika. Lakini madini yaliyokwisha kuingia hayatoki. Chupa chache za kijani zikichanganyika na shehena ya chupa nyeupe, kromu yake huenea katika tanuri nzima, na kiwanda hakiwezi tena kutoa chupa nyeupe kutokana na mzigo huo. Mafundi wa kale nao waliyeyusha vigae vya kioo cha watu wengine, na pale walipofanya hivyo mashine ya leo husoma mchanganyiko wa nchi mbili na mtafiti hubaki akikuna kichwa. Kwa mkusanyaji wa Wete au Mkoani, kazi ni nyepesi zaidi: aweke magunia matatu, moja la chupa nyeupe, moja la kijani na moja la kahawia, na azitenganishe kabla hazijapakiwa melini kwenda Dar es Salaam.